Kuchepuka juu ya bahari: ninavyowafunza marubani wapya

Kila rubani msaidizi anayevuka nami Atlantiki kwa mara ya kwanza namuuliza swali moja, pwani ya Ireland ikishapotea nyuma yetu: tunakwenda wapi? Wengi hujibu New York. Mmoja, kijana wa Eldoret, alinitazama kama mtu anayejiuliza iwapo bosi wake ameanza kusahau. Nikamwambia New York ndiko kampuni inakotaka twende. Mimi nauliza hivi: injini ya kushoto ikizima sekunde hii, tunakwenda wapi? Akavuta tableti aanze kutafuta. Nikamwambia, basi umeshachelewa.

Jina la kiwanja linatakiwa liwe mdomoni tayari. Mimi huliandika kwenye kikaratasi nilichokibana mbele yangu, herufi nne tu za msimbo wake, na muda wa kufika pembeni. Nalifuta na kuandika jingine kadiri tunavyosonga. Vijana wananicheka, maana kompyuta ya ndege inajua yote hayo. Inajua, ndiyo. Lakini siku taa nyekundu zinawaka na kengele inalia, macho hayaoni menyu ya tatu ya skrini ya pili. Kikaratasi yanakiona.

Nina miaka 17 kwenye ndege za injini mbili za masafa marefu, kwa kampuni moja ya Ghuba. Nimezaliwa Tanga, na mjomba wangu alikuwa nahodha wa jahazi Pangani. Yeye ndiye aliyenikumbusha kwamba neno rubani lilikuwa la baharini kabla sisi hatujalirithi: rubani ni yule aliyepanda chombo kukipitisha kwenye miamba mpaka bandarini. Kila nikirudi likizo ananiuliza kama bado nafanya kazi ya kuazima.

Neno jingine: kuchepuka. Sisi Watanzania wachache tukikutana kantini, kugeuza ndege kwenda kiwanja kisichopangwa tunaita hivyo, na tunacheka kwa sababu kila mmoja wetu anaikumbuka ile kampeni ya ukimwi: michepuko si dili, baki njia kuu. Juu ya bahari ushauri huo unapinduka. Ukipata shida kubwa, jambo la kwanza ni kutoka njia kuu. Nitalifikia.

Kabla ya kuruka

Zamani ndege ya injini mbili haikuruhusiwa kwenda mbali zaidi ya dakika 60 kutoka kiwanja inachoweza kutua. Sheria hiyo Wamarekani waliiweka mwaka 1953, enzi za injini za pistoni, na injini zile zilikuwa na tabia ya kuzima. Mwaka 1985 wakaruhusu dakika 120, mwaka 1988 zikawa 180, na leo Boeing 787 ina kibali cha hadi dakika 330, Airbus A350 hadi 370. Mpango huo unaitwa ETOPS, na utani wa herufi zake ni wa siku nyingi: Engines Turn Or Passengers Swim, ama injini zizunguke, ama abiria waogelee.

Rubani mgeni husikia dakika 180 akadhani amepewa saa 3 za kutulia. Sivyo. Dakika hizo zinapigwa kwa mwendo wa injini moja, hewa ikiwa imetulia kabisa, kisha zinageuzwa kuwa umbali. Kila kiwanja cha akiba kinachorewa duara la umbali huo kwenye ramani, na njia yako haitakiwi kutoka nje ya maduara hata kidogo. Upepo wa kweli haujaingia kwenye hesabu hiyo, kwa hiyo duara halikuahidi kwamba utafika kwa dakika 180.

Atlantiki ya Kaskazini ina majina machache, na nataka uyajue kama njia ya kwenda kwenu: Shannon ya Ireland, Keflavik, Lajes, na vya Kanada: St. John's, Gander, Goose Bay. Keflavik iko Iceland, na theluji yake inavuma kwa ubavu. Lajes iko kisiwa cha Terceira, kwenye visiwa vya Azores, katikati ya maji, na upepo wa bahari kuu hauna kitu cha kuuzuia mpaka uifikie. Newfoundland, kwenye Gander na St. John's, ina ukungu wa kukata kwa kisu. Unaposoma hali ya hewa, acha kuangalia iliyopo sasa hivi. Angalia saa ya mapema kabisa ambayo ungeweza kufika pale na saa ya mwisho kabisa, halafu soma utabiri wa kipindi chote hicho. Kiwanja kinachopendeza wakati wa kuruka kinaweza kuwa kimefungwa na ukungu saa unayokihitaji.

Kisha tafuta nukta ya muda sawa. Hii ndiyo roho ya jambo lote, na watu wengi huielewa vibaya kwa kudhani ni katikati ya safari. Chukua Shannon na Gander, kama maili 1,700 za baharini kati yao. Katikati ni maili 850. Tuseme mwendo wako kwa injini moja ni noti 440, yaani maili 440 za baharini kwa saa, na una upepo wa omo wa noti 60, maana ukielekea Marekani karibu kila siku upepo unakupiga usoni. Kwenda mbele utakuwa na noti 380. Ukigeuka, upepo unahamia tezi, unapata 500. Zidisha 1,700 kwa 500, gawanya kwa jumla ya 380 na 500. Unapata maili 966. Yaani umeshapita katikati kwa maili 116, na bado kurudi Shannon ni haraka kuliko kwenda mbele. Kwenye nukta hiyo pande zote mbili ni saa 1 na dakika 56. Ukiipita, jina kwenye kikaratasi linabadilika.

Mjomba nilipomchorea hesabu hii kwenye mchanga alisema mbona hilo kila mtoto wa jahazi analijua. Nadhani kweli.

Mafuta yanapimwa hapo hapo kwenye nukta, pabaya kuliko pote. Na kinachomaliza mafuta haraka mara nyingi si injini. Abiria wanaogopa injini. Mimi naogopa tundu. Shinikizo la hewa likitoka ndani ya ndege, inabidi ushuke mpaka futi 10,000 ambako watu wanapumua bila barakoa. Huko chini hewa ni nzito na injini zinakunywa mafuta kwa pupa. Kwa hiyo hesabu ya mafuta lazima imudu balaa hilo likitokea pale pale kwenye nukta ya muda sawa, pamoja na dakika 15 za kuzunguka juu ya kiwanja kabla ya kutua. Kama mafuta hayatoshi, ongeza. Ukiona mtu anabishana nawe juu ya tani moja, kumbuka yeye anabaki ofisini.

Njiani

Juu ya bahari rada za ardhini hazikuoni. Unaripoti mahali ulipo kwa ujumbe wa setilaiti, na HF ya zamani, redio ya masafa marefu, ipo bado, na mikwaruzo yake kama redio ya babu. Redio mbili nyingine zinabaki wazi: masafa ya 121.5 ya dharura, na 123.45 ambayo marubani wanazungumza wao kwa wao. Sikiliza nani yuko jirani. Siku ya shida hao ndio utakaowakwepa.

Kila unapopita alama ya njia, piga hesabu ya mafuta mara mbili. Yaliyobaki kwenye matangi, jumlisha na yaliyochomwa na injini, yawe sawa na uliyoondoka nayo. Yasipolingana, kuna mahali yanakwenda.

Tarehe 24 Agosti 2001, Airbus A330 ya Air Transat, safari namba 236 kutoka Toronto kwenda Lisbon, ilikuwa juu ya Atlantiki na watu 306. Kwenye injini ya kulia, bomba la mafuta lilikuwa limesuguana na jingine mpaka likapasuka, kwa sababu vipuri visivyooana vilikuwa vimefungwa pamoja. Marubani waliona tangi la upande mmoja limepungua kuliko la pili. Mkono wa kila rubani aliyefunzwa unajua la kufanya hapo: fungua bomba la kati, sawazisha. Wakafungua, na mafuta mazima ya upande wa pili yakafuata njia ya kutokea baharini. Injini ya kwanza ilizima, na dakika 13 baadaye ya pili. Kapteni Robert Piché na msaidizi wake Dirk de Jager waliiongoza ile ndege ikielea kimya kama dakika 19, maili 65 hivi, wakaitua Lajes. Matairi yakapasuka, watu wachache wakaumia, hakufa hata mmoja.

Vijana wakisikia kisa hiki wanapenda ile sehemu ya kuelea bila injini. Mimi nawapeleka nyuma kidogo. Walipoamua kugeukia Lajes injini zote mbili zilikuwa bado zinanguruma, na walikuwa hawajasadiki kabisa kwamba mafuta yanavuja. Walidhani huenda kompyuta inawadanganya. Waliona tarakimu zisizoeleweka, wakachepuka kwanza. Wangengoja kuelewa, maili 65 zisingetosha.

Siku ikifika

Kalia mikono yako. Namaanisha kweli, iweke chini ya mapaja ukihitaji. Makosa mengi mabaya hufanywa sekunde kumi za kwanza na mtu mwenye nia njema, kwa mfano kuzima injini nzima badala ya mbovu. Ndege inaruka, rubani otomatiki ameshika. Soma kilichotokea kwa sauti, mwenzako akubali, ndipo muanze orodha.

Ruhusa ya kuharakisha ni kwa mambo mawili. Hewa ikitoka, barakoa usoni kwanza halafu maneno. Na moshi. Moshi hauna mjadala. Ndege ya Swissair, safari namba 111, iliondoka New York tarehe 2 Septemba 1998, marubani wakasikia harufu, wakaona moshi, wakageuza kuelekea Halifax, Kanada. Tangu waione dalili ya kwanza mpaka ndege inaanguka baharini ilikuwa kama dakika 20, na watu wote 229 walikufa. Wachunguzi wa Kanada walikuja kuona kwamba moto ule ulikwenda kasi kiasi kwamba hata wangeelekea Halifax moja kwa moja wasingewahi. Kwa hiyo ukinusa kitu kinachoungua ambacho huwezi kukitaja kwa jina, pua ya ndege iwe inageuka wakati bado unanusa.

Sasa kutoka njia kuu. Juu ya Atlantiki ndege zinafuatana kwenye njia zile zile, moja juu ya nyingine kwa tofauti ya futi 1,000. Injini moja ikizima futi 37,000, nyingine peke yake haiwezi kukushikilia huko juu. Utashuka, upende usipende, na chini yako kuna watu. Ukiweza kupata ruhusa ya waongoza ndege, chukua. Usipoipata kwa wakati, geuka angalau nyuzi 30, upande ule wenye kiwanja chako kama hakuna cha kukuzuia, mpaka uwe umejitenga maili 5 na njia yako, uende sambamba nayo. Wakati unajitenga, shuka polepole kadiri injini iliyobaki inavyokuruhusu. Ukishakuwa pembeni, tafuta mwinuko ambao hautumiwi na wengine, futi 500 kando ya ile ya kawaida. Na kama inabidi ukate njia za wengine kufika kiwanjani, shuka kwanza chini ya futi 29,000, ndipo ukate.

Washa taa zote, hata zile za kutua. Weka 7700, namba ya dharura, kwenye transponda, kile chombo kinachoitambulisha ndege kwa rada. Tangaza kwenye 121.5 na 123.45 wewe ni nani, uko wapi, unashuka kwenda wapi. Ukiwa na shida ya kufa na kupona sema Mayday mara tatu, bila aibu. Nimesikia rubani mzima akiomba msaada kwa sauti ya mtu anayeomba chumvi kwa jirani, na hakuna aliyemwelewa.

Kuchagua kiwanja

Kilicho karibu si lazima kiwe ndicho. Miaka michache iliyopita tulikuwa tunarudi Ghuba kutoka Marekani, usiku, abiria zaidi ya 300. Kiongozi wa wahudumu akapiga simu ya ndani: mzee wa miaka kama 70, kifua kinambana, jasho jembamba. Tukatangaza kuomba daktari. Akajitokeza mama mmoja wa Kihindi, akasema kwa unyenyekevu kwamba yeye ni daktari wa uzazi, lakini moyo anaujua kuliko sisi. Tukampigia kwa setilaiti daktari wa zamu wa nchi kavu, yule mama akamsomea presha na mapigo. Jibu likaja: hospitali, ndani ya saa 2.

Hesabu ilikuwa hivi. Lajes dakika 50. Shannon saa 1 na dakika 25. St. John's ilikuwa nyuma yetu, na kurudi kungekuwa kupigana na upepo karibu saa 2. Moyoni nilikuwa nimeshachagua Lajes. Sikusema.

Hapa ndipo ninaposisitiza kuliko pote: muulize mdogo kwanza. Mimi nimelelewa kwa shikamoo. Mkubwa akisema, imesemwa. Kijana aliyelelewa hivyo, ukianza wewe na "naona twende Lajes," atakujibu sawa Kapteni, hata kama mbele yake skrini inasema jambo jingine. Vitabu vya mafunzo vina vifupisho vingi vya namna ya kuamua, na ni vizuri, ila viliandikwa na watu ambao hawakufundishwa kunyamaza mbele ya wakubwa. Kwa hiyo mimi husema: nipe chaguo lako na sababu, mimi nitasema baada yako.

Aliyekuwa kulia kwangu ni yule yule kijana wa Eldoret. Akasema, "Samahani Kapteni, mimi ningekwenda Shannon." Sababu? Akanigeuzia tableti. Lajes ilikuwa na upepo wa ubavuni unaofika noti 42 ukivuma kwa mapigo, juu ya kipimo tulichoruhusiwa. Mimi nilikuwa nimesoma taarifa ya saa moja nyuma. Tungefika Lajes, tushindwe kutua, tuondoke tena kwenda Shannon na mgonjwa yule yule. Dakika 50 zangu zingekuwa saa 3.

Tukaenda Shannon. Njiani tulimwaga tani 27 za mafuta ili tuwe na uzito unaofaa kutua. Kutua mzito kunaruhusiwa ikibidi, mafundi wanaikagua ndege baadaye, ila kwa kuwa kumwaga hakukutuchelewesha, tulimwaga. Mzee alishuka kwa machela akiwa na fahamu, mkewe nyuma yake ameshika viatu vya mumewe mkononi, kimoja kila upande.

Kuwaambia watu

Kiongozi wa wahudumu mpe mambo manne na ayarudie kwa mdomo wake: kuna nini, tunafanya nini, zimebaki dakika ngapi, na kama kuna la ziada. Akirudia dakika vibaya, mtasahihishana hapo hapo.

Abiria usiwacheleweshee. Ramani ya kwenye kiti inawaonyesha ndege imegeuka kabla hujafungua mdomo, na mtu asiyeambiwa hujitungia. Kiwanja gani, dakika ngapi, sababu kwa sentensi moja. Usiku ule nilipomaliza nikaongeza kwa Kiswahili, kwa kuwa nilijua kuna familia ya Kizanzibari nyuma: "Ndege ni nzima, tunamwahisha mgonjwa." Mhudumu aliniambia bibi mmoja aliacha kuvuta uradi, akalala.

Ukishatua

Wengi hudhani kazi imekwisha. Breki zina moto, usikimbilie kufunga breki ya kuegesha. Kuna kiwanja kimoja, sikitaji, ambako ngazi ndefu kuliko zote waliyokuwa nayo iliishia mita moja chini ya mlango wetu. Tulikaa ndani saa 4 tukitazamana na wenyeji waliokuja na blanketi. Uliza mapema, ukiwa bado hewani: ngazi, gari la mafuta, maji, vyoo, uhamiaji, na vitanda vingapi vipo mjini. Tarehe 11 Septemba 2001, anga ya Marekani ilipofungwa, Gander ilipokea ndege 38 za abiria na watu karibu 6,700 kwa siku moja, na wenyeji wakawalaza mashuleni na makanisani. Kiwanja kile kilikuwa na lami ya kutosha tangu enzi za vita. Vitanda walivitafuta.

Halafu hesabu saa zako mwenyewe. Saa za kazi za marubani zina mwisho kisheria, na mchepuko huzila zote. Usiwaahidi abiria kwamba tunaondoka baada ya saa moja wakati wewe mwenyewe unatakiwa ulale. Ripoti iandike kabla hujalala, na ubandike kikaratasi nyuma yake.

Wiki tatu baadaye tulipangwa pamoja tena, kwenda New York. Tulikuwa tumeshapita nyuzi 40 magharibi, nukta ya muda sawa imebaki nyuma, nakunywa chai ya tangawizi kutoka chupa yangu, nikimsimulia habari za Tanga. Akanikatiza kwa adabu zote.

"Kapteni, samahani. Tunakwenda wapi?"

Nikatazama kikaratasi. Bado kilikuwa kimeandikwa Shannon.